Chui Mwenye Kikwembe

Chomba alikuwa amevaa veste, koti la suti. Tuanze na hapo, maana waliomfahamu waliiona veste kwanza, michoro baadaye. Ilikuwa ya kijivu, ya kuazima, imembana makwapa, na tangu saa tisa alasiri alikuwa amesimama katikati ya salle, ukumbi wa maonyesho, mikono mbali kidogo na mbavu, akiogopa kuinua glasi ya juisi zaidi ya kitovu.

Ukutani walikuwepo wanyama wake, picha ishirini na nne. Mbuzi mtumishi wa serikali mwenye mkoba usio na kitu ndani. Kuku mwalimu anayevua miwani ili amwone vizuri mtoto wa kuchapa. Fisi fundi cherehani aliyemaliza gauni la arusi siku mbili baada ya arusi. Na katikati yao, picha namba moja, Madame Ngo: chui mnene, kilemba kichwani, kikwembe kiunoni, ameketi kwenye kiti cha plastiki, miguu kaitanua, anakuangalia kana kwamba wewe ndiye uliyetundikwa. Lubumbashi nzima ilimjua Madame Ngo. Watu walitumiana picha yake kwenye simu kila mwenye nyumba alipozidisha maneno, kila mkwe alipokuja bila kuitwa.

Siku hiyo mtu wa maana alikuwa mmoja tu: Pierre, mzungu mrefu mwenye daftari, aliyetoka ng'ambo kuchagua mchoraji mmoja wa kwenda kukaa mwaka mzima katika mji wao, apewe chumba, meza na taa ya kuchorea. Walikuwa wamebaki wawili, Chomba na Guelor, yule wa maroboti. Chomba alikuwa na miaka thelathini na minne na meza yake ya kazi ilikuwa friji lililokufa. Aliitaka safari hiyo kuliko chochote.

Sasa, Pierre alikuwa ameuliza jambo moja kabla ya kuja: mchoraji aandike ukurasa mmoja kuhusu utoto wake, nani au nini kilimfundisha kuwavalisha wanyama nguo za watu. Chomba aliandika ukweli. Honorine, mkubwa wa salle, akausoma, akamrudishia karatasi akiishika kwa ncha ya vidole.

"Chomba, unataka kuenda ao hautaki? Hii mambo ya bilio na ndevu ya ufagio, utaandikia muzungu? Atasema tuko bachawi. Andika mabuku. Andika bibliothèque."

Basi akaandika bibliothèque. Kwamba alikulia katika maktaba ya mapadri, akisoma mabuku ya picha kutoka Ulaya, na baadaye akachunguza michoro ya mapangoni ya watu wa kale. Loo! Katika maktaba ile Chomba aliingia mara moja maishani mwake, akiwa na tumbo la kuhara, akiomba choo. Pango lolote hajaliona mpaka leo. Lakini ukurasa ulitoka mzuri, Honorine akauchapisha kwa herufi kubwa na kuubandika mlangoni, na jina la Albertine halikuwemo hata mara moja.

Albertine ni nani? Ndiyo, nakuja.

Kwa upande wa mama yake, Chomba ni wa Bena Mbushi, ukoo wa mbuzi. Albertine ni wa Bena Ngo, ukoo wa chui. Chui alimla mbuzi zamani zile ambazo hakuna aliyeziona, na tangu hapo koo hizi mbili zina ruhusa ya kutukanana mpaka mwisho wa dunia. Watu wa pwani wanaita utani. Sisi tunaita bunungwe, na kwetu si jambo la kuchezea ingawa lote ni mchezo. Munungwe wako anaingia kwako bila hodi, anafunua chungu, anachukua anachotaka, anakwambia unanuka, na wewe unacheka. Ukikasirika, umevunja kitu kisicho chako peke yako. Ukifa, munungwe ndiye anayekuosha na kukubeba, na ndiye anayesimama mbele ya wafiwa kukuiga ulivyokuwa, pamoja na ubahili wako na ushuzi wako, mpaka waliokuwa wanalia washike mbavu.

Chomba alikuwa na miaka saba babu yake mzaa mama alipofariki, pale mtaa wa Hewa Bora. Mzee alikuwa amefanya biashara ya samaki wa Kasenga maisha yake yote, na hata akiwa ndani ya sanduku alinuka samaki. Uwanja ulijaa vilio. Ndipo Albertine akatokea nyuma ya nyumba, amevaa koti la marehemu, viatu vya marehemu, kidevuni amejifunga nyuzi za ufagio wa kupigia deki, anatembea kwa mgongo uliopinda vilevile.

"Meee! Nani amegusa samaki yangu? Kichwa ni yangu, mukia ni yangu, benye kubaki mukule harufu! Meee!"

Mjane alicheka mpaka kilemba kikamdondoka. Mtoto Chomba hakucheka. Alikodoa macho. Mbuzi yule aliyesimama kwa miguu miwili alikuwa babu yake kuliko babu mwenyewe aliyelala ndani, na mtoto alihisi kitu kinamwasha mikononi. Akaenda motoni, akaokota kipande cha mkaa, akachora mbuzi mwenye koti kwenye ukuta wa nyuma uliokuwa umepakwa chokaa juzi tu kwa ajili ya wageni. Shangazi yake akaja na fimbo. Albertine akafika kabla ya fimbo, ndevu bado kidevuni.

"Muache," alisema, kisha akainama kutazama. "We mutoto, hii meno ni ya nini? Mbuzi haina meno ya mbele pa juu. Futa. Na viatu iko wapi? Kambo yako alikuwa anakanyaga kisigino ya viatu. Kama hauchore kisigino, umechora mbuzi ya bure."

Akafuta, akachora kisigino, na hiyo ndiyo shule ya sanaa aliyosoma Chomba. Miaka kumi iliyofuata Albertine alimburuta kwenye kila kilio alichoitwa. Wakirudi njiani alimhoji. Yule baba aliyekaa penye kona, ni mnyama gani? Mbwa, anasema mtoto. "Mbwa ya nani? Mbwa ya askari ao mbwa ya soko? Ulimuangalia namna anakaa? Haukuangalia kitu. Pumbavu ya mbuzi." Mtoto anapigwa kofi jepesi la kisogo, anaangalia vizuri zaidi kesho yake. Alimletea kalenda za zamani achore nyuma yake. Alimfundisha kwamba mtu anaanzia miguuni, sura ni mapambo tu, na kwamba usimcheke mtu ambaye hujampenda kwanza, maana hapo hutachora, utatupa mawe.

Bena Mbushi wa karibu walikwisha mmoja mmoja. Wengine walikufa, wengine walihamia Mokambo wakaoa ng'ambo ya mpaka wasirudi. Alibaki Chomba. "Weye njo utanibeba," Albertine alikuwa akimwambia. "Na usilie. Ukilia, nitaamuka palepale nikupige." Miguu ilipoanza kumvimba, mwaka jana, alilisema mara nyingi zaidi, na kicheko chake kikapungua kila alipolisema.

Huyo ndiye ambaye Chomba hakumwalika. Ukimuuliza atakuambia alisahau. Mwongo. Aliona haya, basi.

Saa kumi na dakika chache Albertine akaingia mwenyewe. Kikwembe cha kijani, kilemba, miwani iliyofungwa kwa uzi, ndala. Hakumtazama mtu. Alisimama mbele ya ule ukurasa mlangoni, akausoma wote, kwa sauti, maana masista walimfundisha Kifaransa vizuri sana alipokuwa mpishi wao.

"'Nilikulia katikati ya mabuku,'" alisoma, akageuza maneno kwa Kiswahili ili kila mtu afaidi. "Eeeh! Mabuku gani? Ile mama yake alikuwa anafungia karanga? 'Michoro ya mapango.' Mapango! Huyu anaogopaka hata kuingia mu douche kuoga kama taa imezimika!"

Wazee wawili waliokuwa nyuma wakaangua kicheko, wakajua mara moja ni nini kinachoendelea. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Albertine akasonga mbele kama aliyeingia uwanjani kwake. Alimnyang'anya Chomba glasi ya juisi, akainywa yote, akajifuta midomo kwa ncha ya tai ya Chomba. "Angalieni mbuzi imevaa veste! Leo inanuka sabuni. Ni kilio ya nani?" Akapita mezani, akachukua sambusa tano, akazitia mkobani. Ni haki yake. Kila mtu wa hapa anajua ni haki yake.

Pierre hakujua. Alitabasamu tabasamu la mtu aliyepotea, kalamu juu ya daftari. Honorine alijua vizuri sana, lakini alikuwa ametokwa na jasho juu ya mdomo na macho yake yalimwambia Chomba maneno mawili: muondoe huyu.

Albertine akafika mbele ya picha namba moja. Aliitazama kwa muda, miguu ile ya chui iliyovimba juu ya ndala, namna kidole kikubwa kilivyojitenga na wenzake. Akatazama miguu yake mwenyewe. Kisha akaishika fremu kwa mikono miwili, akaitoa kwenye msumari, akaitia kwapani.

"Hii ni miye. Ninaenda nayo ku nyumba."

Dan, mlinzi wa mlangoni, kijana wa watu aliyeajiriwa wiki iliyopita, alifanya kazi yake. Alimshika mkono. "Mama, rudisha. Ni wizi hii." Pierre akaingiwa na wasiwasi, akauliza kitu kwa Kifaransa cha haraka: kuna nini, huyu bibi ni nani, mnamfahamu? Honorine akamgeukia Chomba, na salle nzima ikamgeukia Chomba.

"Chomba, huyu mama unamujua?"

Jibu lilikuwa rahisi. Jibu lilikuwa na miaka ishirini na saba. Lakini alimwona Pierre na daftari lake, akaiona ile taa ya kuchorea, akauona ule ukurasa mlangoni ambao ungegeuka uongo mbele ya macho ya watu wote.

"Hapana," alisema. "Simujue."

Wazee wawili wa nyuma waliacha kucheka. Mmoja wao akaweka glasi chini, polepole sana.

Albertine aliutoa mkono wa Dan kwenye mkono wake bila hasira. Akairudisha picha ukutani, akarudi hatua moja, akaona imeinama, akaisawazisha. Akafungua mkoba, akatoa sambusa, moja, ya pili, ya tatu, zote tano, akazipanga sahanini zilipokuwa. Kisha akaunganisha viganja mbele ya kifua, akainamisha kichwa.

"Pardon, Monsieur Chomba. Nilikosa mulango."

Wewe msomaji wa mbali utasema: si amemheshimu? Ndiyo. Ndilo balaa lenyewe. Kwa miaka ishirini na saba mama huyu hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita mbuzi, mbuzi ya bure, ndevu bila akili, kinyesi cha Kasenga. Hakuna munungwe anayekuita Monsieur. Monsieur ni wa posta, ni wa benki, ni mtu ambaye akifa unasoma habari zake na kugeuza ukurasa. Albertine akatoka, ndala zikipiga sakafu, pa, pa, pa.

Honorine akapiga makofi mawili ya kufufua watu. Tuendelee, tuendelee. Pierre akasogea mbele ya picha namba moja, kwa adabu, akakohoa. Hakuwa mjinga Pierre, tusimwonee. Alionyesha kwa kalamu sehemu ya chini ya picha.

"Amesema," Honorine alitafsiri, "kila kitu kwenye hii picha ni kizuri, lakini miguu inamushangaza. Anauliza: miguu ya namna hii, muntu anajifunziaka wapi?"

Honorine akamkabidhi Chomba maikrofoni, naye akafungua mdomo. Maktaba ilikuwa tayari kwenye ulimi, na mapango nyuma yake. Aliitazama miguu ile ambayo alikuwa ameichora kwa wiki mbili, akijua kila mshipa, akijua upi unauma asubuhi na upi unauma jioni, na miguu yenyewe ilikuwa inaelekea barabarani peke yake.

Akatupa maikrofoni mikononi mwa Dan, akakimbia. Veste ikapasuka kwapani, kraa, kila mtu alisikia. Na kwa kuwa najua utaniuliza: ndiyo, safari ile alipewa Guelor. Alienda na maroboti yake, akakaa mwaka, akarudi na skafu. Chomba bado anachorea juu ya friji. Sasa tuachane na habari hiyo.

Chomba alimkuta Albertine nje ya geti, kando ya barabara, anatembea pole, mkono mmoja kwenye ukuta.

"Kambo!" aliita, kama tunavyomwita babu au bibi.

Akageuka. "Oui, Monsieur?"

"Kambo, nilikosa. Nisamehe."

"Hakuna mambo, Monsieur. Murudi ku bageni benu."

Amesema benu, wingi wa heshima! Hata "yako" amemnyima. Chomba akajaribu njia ile nyingine, njia yao. "We chui ya kuzeeka! Meno imekwisha, unakulaka mbuzi na kijiko!" Matusi hayo wiki iliyopita yangemfanya Albertine avue ndala na kumkimbiza. Sasa aliitikia kwa kichwa.

"Merci, Monsieur."

Hapo Chomba akaogopa kweli. Akaona kilio cha Albertine, siku kitakapofika, yeye amekaa kwenye viti vya wageni kwa adabu, na mtu mwingine, mgeni wa kuokotwa, anabeba sanduku. Akaona uwanja mzima unalia na hakuna hata mmoja anayecheka. Hakufikiri tena. Akapiga magoti vumbini, halafu mikono, suruali ya kuazima na vyote, akainua kichwa.

"Meee!"

Muuza vocha kando ya geti akasimama juu ya kiti chake. Wanawake wawili wenye mabeseni ya mboga wakayatua.

"Simama, Monsieur," alisema Albertine. "Mutachafua suruali."

"Meee!" Akatambaa mpaka kwenye ndala zake. Kando ya ukuta palikuwa na majani yaliyojaa vumbi jekundu na moshi wa magari na, tuseme ukweli, mikojo ya madereva. Chomba akayang'oa kwa meno. Akatafuna. Simu tano zikainuliwa kumpiga picha. Majani yalikuwa machungu, machozi yakamtoka, sijui kwa uchungu upi, akaendelea kutafuna akimtazama kutoka chini.

Wageni wa salle walikuwa wamejaa getini. Pierre mbele, daftari limefungwa.

"Anafanya nini?" aliuliza Pierre kwa Kifaransa chake.

Honorine aliweka mkono mdomoni. Mabega yalimtikisika, na yeye mwenyewe hakujua kama anacheka au ameaibika. Mwishoni akasema:

"Anajibu swali yako."

Albertine alikuwa bado hajasogea. Alimtazama yule mtu mzima mwenye tai, makwapa wazi, jani linaning'inia mdomoni. Akavua miwani, akaifuta kwa kikwembe, akaivaa tena, na badala ya kumsemesha Chomba akawageukia watu wa barabarani, akapaza sauti ile ya vilioni, ile inayofika nyumba ya tatu.

"Bantu ba Mungu! Hii mbuzi ni ya nani?"

Muuza vocha alitazama huku na huku kama kweli anamtafuta mwenye mbuzi.

"Ninauliza! Mbuzi ya namna hii, inakula bichafu mbele ya bageni, haina hata haya! Haina mwenyewe?"

"Mama," mwanamke mmoja wa mboga alisema kwa woga, "labda ni yako?"

"Yangu?" Albertine alimtazama mnyama wake kwa muda mrefu, toka pembe ambazo hana mpaka visigino. "Yangu ilisema hainijue."

Chomba alishusha kichwa mpaka paji la uso likagusa vumbi. Hakulia kama mbuzi tena. Alilia tu.

"Ona, na sasa inalia," alisema Albertine. "Nilikataza kulia. Mbuzi ya bure kabisa, kichwa sawa nyungu." Akajipangusa pua kwa nyuma ya mkono, akaunyoosha mkono huo kwa yule mwanamke wa mboga bila kumtazama. "Mama, niazime kamba ya beseni yako nifunge hii mbuzi. Ninaenda nayo ku nyumba."